Ulimi usio na utando: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa mmoja katika hospitali ya tiba asilia ya Kichina, Guangzhou

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Wahudumu wengi wa afya wa kwetu wakisikia kwamba daktari wa Kichina hutazama ulimi kisha akataja ugonjwa, wengine huamini yote na wengine hucheka yote. Kisa hiki kinawafaa wote wawili. Daktari yuleyule, kwa mgonjwa yuleyule, asubuhi ileile, alisoma jambo moja kwa usahihi mkubwa na jambo jingine akalikosa, na biolojia ya ulimi inaeleza vizuri kwa nini.

Mgonjwa ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Mji wa kwao, bidhaa anazouza, tarehe na jina la hospitali vimeondolewa, na herufi ninayomwitia si ya jina lake. Mimi ni daktari kutoka Afrika Mashariki niliyekuwa masomoni Guangzhou. Katika kisa hiki nilikuwa mkalimani, si daktari aliyemtibu.

Usuli

Bi K. ni mfanyabiashara wa pwani, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Ana kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka 12 na tangu mwanzo amemeza metfomini, miaka ya karibuni gramu 2 kwa siku. Kwa sababu ya kiungulia amekuwa akinunua omeprazoli duka la dawa na kuimeza karibu kila siku kwa miaka, bila mtu kumwuliza. Humeza pia aspirini ndogo kila usiku. Anakula samaki na nyama kama watu wengine wa nyumbani kwake. Hanywi pombe, havuti sigara, hatafuni tambuu. Kama wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaoshukia Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, huenda Guangzhou, hukaa wiki kadhaa, hufunga mzigo, hurejea.

Alikuwa na malalamiko matatu. La kwanza ni ulimi kuwaka moto kwa miezi mingi, hata akaacha pilipili, ndimu na achari. La pili ni miguu: ganzi iliyoanzia vidoleni ikapanda taratibu, na kuyumba akiingia chooni usiku bila taa. La tatu ni uchovu uliomfanya apumzike katikati ya ngazi.

Kwao alikuwa ameonwa mara kadhaa. Ulimi ulidhaniwa una fangasi, dhana ya haki kabisa kwa mwenye kisukari, akapewa nistatini ya maji isiyomsaidia. Kuhusu miguu aliambiwa kisukari kimeshagusa mishipa ya fahamu. Damu ilipopimwa ilikuwa imepungua kidogo, akapewa fefo, yaani vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki.

Hapo kwenye fefo ndipo palipokuwa na ufunguo. Miezi aliyokuwa akiimeza, uchovu ulipungua na ulimi ukaachia kidogo. Alipoacha, ulimi ukarudia kuwaka. Miguu haikupata nafuu hata siku moja, na katika miezi ileile ya fefo ganzi ilizidi kupanda. Habari hii aliitaja kwa kupita tu, akijibu swali jingine kabisa.

Mfuatano wa matukio

Mwenye duka la jumla anayefanya naye biashara, mwanamke wa Guangdong, alimwona anashindwa kula akasema mwili wake umepanda joto. Akamnywesha liangcha, chai chungu ya mitishamba yenye rangi ya kahawia iliyokoza, inayouzwa kwenye vibanda karibu kila mtaa wa Guangzhou kwa ajili ya kile wanachokiita joto la ndani. Siku kadhaa zikapita bila nafuu, ndipo akampeleka hospitali ya tiba asilia.

Msomaji asiyezijua hospitali hizi asifikirie kibanda cha mganga. Zina maabara, vyumba vya picha na wodi, na madaktari wake husomea pia anatomia, fiziolojia na dawa za kisasa. Bila kulijua hilo, uamuzi uliofuata hautaeleweka.

Daktari, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alifuata njia zao nne za uchunguzi: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kushika mapigo. Alimwambia Bi K. atoe ulimi, akautazama kwa muda mfupi, akamwambia aurudishe apumzike, kisha autoe tena. Ulimi ukitolewa kwa nguvu ukabaki nje, misuli hukaza, mtiririko wa damu hubadilika na rangi yake huharibika. Kisha akauliza amekunywa nini. Aliposikia liangcha, alikataa kusoma rangi siku hiyo. Aliandika umbo tu, akamtaka arudi kesho yake mapema, kabla ya kunywa au kula chochote chenye rangi, na akamwekea kiti karibu na dirisha ili atumie mwanga wa asubuhi.

Asubuhi ya pili ulimi ulionekana hivi: mwekundu, laini, unang'aa kama umepakwa mafuta kwenye ncha, pembeni na katikati, bila utando wowote. Nyuma, karibu na shina lake, ulikuwa na utando mwembamba mweupe. Kulikuwa na nyufa chache zisizo na kina, na pembe za midomo zilikuwa zimechanika. Kwenye ncha na pembeni kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi, vingi, vimepangana. Mapigo aliyaita membamba na ya haraka.

Kwa lugha ya taaluma yake aliandika kwamba yin ya tumbo, yaani unyevu wake wa kulainisha, imekauka, damu ni pungufu, tena damu imetuama. Hilo la kutuama alilitoa kwenye vidoa vyeusi. Rasimu ya dawa ya kuchemsha ilikuwa na mimea ya kulainisha tumbo, pamoja na danshen na chuanxiong za kuchangamsha damu.

Nikaomba ruhusa ya kuuliza, nikamwonyesha ulimi wangu. Vidoa vyangu ni kama vya Bi K., kwenye ncha na pembeni. Nikamwomba atazame ufizi wa mgonjwa, ambao ulikuwa na weusi wa kahawia kama ulivyo wa wengi wetu. Alichukua tochi akazitazama ndimi zote mbili kwa utulivu, kisha akauliza vidoa vya mgonjwa vilianza lini. Bi K. akajibu: "Mwambie, mwanangu, haya ninayo tangu usichana wangu. Hata mama yangu alikuwa nayo." Daktari akachukua kalamu akafuta danshen na chuanxiong.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kupima damu kabla ya kuchemsha chochote. Daktari aliueleza bila kuzungukazunguka: ulimi ulionyauka namna hii, kwa mtu mwenye ganzi miguuni, haupelekwi nyumbani na fungu la mitishamba peke yake. Katika mafunzo yake ulimi usio na utando huhesabiwa kuwa dalili nzito, ishara kwamba tumbo limeishiwa nguvu ya kuurutubisha mwili. Katika mafunzo yake ya dawa za kisasa, ulimi huohuo humkumbusha upungufu wa vitamini B12, wa asidi ya foliki au wa madini ya chuma. Njia mbili zilimfikisha kwenye tahadhari moja.

Akaagiza picha kamili ya damu, B12, asidi ya foliki, feritini (akiba ya madini ya chuma), sukari ya miezi mitatu, figo, tezi ya shingo, kipimo cha VVU na sampuli ya kukwangua ulimi kutafuta fangasi. Mgonjwa akapelekwa pia kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa hospitali hiyohiyo.

Majibu: hemoglobini 10.4. Ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu fL 108, wakati kawaida haizidi 100. Kwenye kioo, chembe nyeupe zenye viini vilivyogawanyika vipande sita na zaidi. B12 ilikuwa pg/mL 96, na maabara nyingi huhesabu chini ya 200 kuwa upungufu. Asidi ya foliki, feritini, tezi na figo vilikuwa sawa. Fangasi hakuna, VVU hakuna. Sukari ya miezi mitatu asilimia 8.1. Kingamwili dhidi ya protini ya tumboni inayobeba B12 hazikuonekana, kwa hiyo upungufu wa damu wa kinga ya mwili kujishambulia ulisogea nyuma katika orodha. Kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Bi K. hakuhisi mtetemo wa uma wa kupimia vidoleni wala kwenye vifundo, hakuweza kusema kidole gumba kimeinuliwa au kimeshushwa, na alipofumba macho akiwa amesimama aliyumba.

Basi ikaamuliwa aanze sindano za B12 za msuli, siku moja ikipita moja, bila kungoja vipimo zaidi, kwa sababu neva zinazokosa B12 haziwezi kungoja. Metfomini haikuachwa. Inamsaidia, na kasoro yake hii inazibika kwa kuirudishia B12 mwilini. Omeprazoli ilipunguzwa hatua kwa hatua. Fefo isirudishwe peke yake, kwa sababu itakayoelezwa.

Dawa ya kuchemsha ilibaki, kwa maombi ya mgonjwa mwenyewe aliyesema hakuja China kurudi na sindano tu. Ilikuwa na maidong, shashen na mizizi mingine ya kulainisha. Niliomba jambo moja tu, gancao iondolewe, yaani urukususu. Mzizi huu hupunguza potasiamu na kupandisha shinikizo la damu, na siku za kwanza za sindano za B12 ndizo potasiamu huweza kushuka, kwa kuwa uboho huanza ghafla kutengeneza chembe nyingi zinazoinyonya. Daktari alikubali mara moja, akaongeza kipimo cha potasiamu.

Matokeo

Wiki ya kwanza chembe nyekundu changa zilipanda kutoka asilimia 1.2 hadi karibu 6. Potasiamu ilishuka kidogo, ikarudi yenyewe. Kuwaka kwa ulimi kulianza kupungua kabla ya wiki mbili kwisha, na Bi K. akala chakula cha pilipili kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Sindano ziliendelea kwao, katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yake. Picha za ulimi alinitumia kwa simu, kila moja imepigwa asubuhi kabla ya chai, mlangoni, na kipande cha karatasi nyeupe kando ya kinywa ili rangi iweze kulinganishwa. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, vinundu vidogo vilionekana tena katikati ya ulimi. Mwezi wa pili utando mwembamba mweupe ulikuwa umerudi mpaka karibu na ncha. Hemoglobini ilifika 12.6, na baada ya miezi mitatu ukubwa wa chembe ulirudi 91. Sukari ya miezi mitatu ilisoma 7.3 ingawa dawa ya kisukari ilikuwa ileile.

Vidoa vyeusi havikubadilika hata kimoja.

Miguu ndiyo iliyobaki na deni. Kuyumba gizani kumeisha, na ganzi imeshuka kutoka kwenye ugoko hadi vidoleni. Lakini mtetemo kwenye vidole gumba haujarudi baada ya zaidi ya nusu mwaka, na uwezekano wa kurudi sasa ni mdogo.

Uchambuzi: ulimi unaonyesha nini hasa

Utando wa ulimi una asili inayoonekana kwa hadubini. Juu ya ulimi kuna papila, yaani vinundu vidogo, za aina nne. Nyingi zaidi ni zile nyembamba kama nyuzi, ambazo hazionji ladha na ncha zake zimevaa keratini, protini iliyoko pia kwenye kucha na nywele. Seli zake hufa na kung'oka bila kukoma. Kati ya nyuzi hizo hunasa seli zilizong'oka, bakteria, mabaki ya chakula, chembe nyeupe za damu na protini za mate. Mchanganyiko huo ndio utando. Papila nyuzi zikirefuka, utando huwa mnene, kama kwa mwenye homa anayepumulia mdomo, asiyekula kigumu wala kunywa vya kutosha. Papila zikinyauka, hapana cha kushikilia utando, na ulimi huwa laini.

Na kwa nini zinyauke? Ngozi ya ulimi ni miongoni mwa tishu zinazojivua haraka sana mwilini, kwa siku chache hadi wiki mbili hivi. Tishu ya namna hiyo lazima igawanye seli mfululizo, na kila mgawanyiko unadai DNA mpya. B12 na asidi ya foliki hufanya kazi pamoja katika njia inayozalisha mojawapo ya herufi za DNA. B12 ikikosekana, foliki hunaswa katika umbo lisilotumika na seli hushindwa kugawanyika kwa wakati. Uboho, ambao nao unagawanya seli usiku na mchana, hutoa chembe nyekundu chache na kubwa kupita kiasi. Kwa hiyo daktari anayetazama ulimi laini anatazama, kwa macho matupu, tatizo lilelile lililoko ndani ya mfupa. Hapo hakuna fumbo lolote, na binafsi naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika kisa hiki.

Ulaya ililiona pia. Daktari Möller alieleza ulimi wa aina hii mwaka 1851, na William Hunter wa Uingereza akauhusisha na upungufu wa damu uliokuwa ukiua, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1926 Minot na Murphy wa Boston walionyesha kwamba kula maini mengi kila siku huwaokoa wagonjwa hao, na mwaka 1934 wakapata Nobeli pamoja na Whipple. Vitamini yenyewe ilitengwa mwaka 1948. China nayo ilikuwa na kitabu chenye michoro 36 ya ndimi tangu mwaka 1341, na wanafunzi wa tabibu Ye Tianshi wa Suzhou, katika karne ya 18, walifuata hatua za homa kwa kutazama ulimi siku hadi siku. Watu waliotazama ndimi nyingi, kwa uangalifu, kizazi baada ya kizazi, walijua kuwa ulimi usio na utando ni habari mbaya kabla ya mtu yeyote kujua vitamini ni nini.

Sasa fefo. Asidi ya foliki ikiongezwa kwa wingi, huipa seli njia ya kutengeneza DNA kwa muda hata kama B12 haipo. Ndiyo maana damu ya Bi K. ilipanda na ulimi ukaachia. Lakini B12 ina kazi ya pili, katika kimeng'enya kingine kisichohusiana na foliki kabisa, na neva huitegemea B12 kulinda ala zake za mafuta. Hapo foliki haisaidii kitu. Damu hupona, ulimi hupoa, uti wa mgongo unaendelea kuharibika kimya kimya, na kila mtu anaridhika. Dalili iliyomwokoa mgonjwa huyu ni kwamba ulimi ulirudia kuwaka.

Chanzo kilikuwa metfomini kwa sehemu kubwa. Tangu miaka ya 1970 inajulikana kwamba hupunguza ufyonzaji wa B12 mwishoni mwa utumbo mwembamba, ambako kupokewa kwake kunahitaji kalisiamu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu huu unaweza kumpata hadi mtumiaji 1 kati ya 10. Omeprazoli iliongezea, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo inayobandua B12 kutoka kwenye nyama na samaki. Rafiki wa Bi K. alidhani ni kwa kuwa hali nyama akiwa China, akihofia isiwe halali. Haiwezekani. Ini huhifadhi miligramu kadhaa, mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4 tu, na akiba hiyo huchukua miaka kuisha.

Wekundu uliopotosha

Tunategemea mwenye upungufu wa damu awe na ulimi uliofifia, na kwa upungufu wa madini ya chuma huwa hivyo mara nyingi. Wa Bi K. ulikuwa mwekundu. Rangi ya ulimi hutoka kwenye hemoglobini ya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, lakini huchujwa na unene wa ngozi iliyo juu yake. Papila nyuzi zikiondoka, keratini yake nyeupe huondoka nazo, kapilari hukaribia uso, na uvimbe mdogo huongeza mtiririko. Damu ni pungufu, ila pazia limefunuliwa.

Wekundu huo ndio uliomfanya mwenye duka aseme joto na kumimina liangcha. Daktari hakuishia hapo. Aliutenganisha wekundu wa ulimi wenye utando mnene wa njano, ambao kwake ni joto la homa, na wekundu wa ulimi uliokauka, ambao kwake ni kuishiwa. Lugha ni ya yin na joto, lakini mgawanyo wenyewe unalingana na tofauti halisi ya tishu: upande mmoja papila zimerefuka, upande mwingine zimenyauka.

Vidoa: kosa lililozaliwa na sampuli

Papila uyoga, zile nyekundu zenye vionjo, kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi huwa na melanini, rangi ya asili ya ngozi. Huonekana kama vidoa vyeusi au vya kahawia kwenye ncha na pembeni, mara nyingi kuanzia ujana, na hazina madhara. Daktari aliyesomea ndimi za wagonjwa wa Guangdong na kutazama atlasi zilizochapwa kwa picha za watu wa huko hana pa kuliona hilo. Kwake doa jeusi ni damu iliyotuama, kwa kuwa kwa wagonjwa wake madoa ya zambarau kweli huweza kuwa damu iliyovuja au mishipa iliyopanuka.

Hasara ingekuwa ya kweli. Danshen inajulikana kuongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kumpa mtu anayemeza aspirini bila sababu ni kumtafutia kutokwa damu. Njia za kutofautisha zipo: melanini hukaa ndani ya papila mojamoja, huambatana na weusi wa ufizi, haibadiliki kwa miaka wala kwa matibabu. Doa la damu hukaa pia kati ya papila na hubadilika rangi baada ya siku. Ushahidi thabiti uko kwenye picha za Bi K.: matibabu yalirudisha kila kilichokuwa ugonjwa, yakaacha vidoa palepale.

Hata pasipo tofauti za ngozi, tafiti zilizowapa watabibu kadhaa ndimi zilezile zimekuta mara kwa mara kwamba makubaliano yao ni madogo au ya wastani, hasa kwenye rangi. Mwanga wa dirishani na kukataa ulimi uliopakwa liangcha si adabu ya kizee. Ni udhibiti wa kipimo, na zahanati nyingi za kisasa hutazama ulimi kwa uzembe kuliko huo.

Ramani isiyo na mishipa

Mafunzo ya Kichina huugawa ulimi: ncha ni ya moyo, pembeni ini, katikati tumbo na wengu, shina ni figo, kibofu na matumbo. Tukiifuata kwa Bi K., tungetafuta ugonjwa kwenye moyo, ini, tumbo na wengu, na kuuacha utumbo, kwa sababu shina ndipo palipobaki na utando mzuri. Ukweli ni kinyume: B12 ilikuwa ikipotea kwenye utumbo.

Anatomia haiipi ramani hii msingi. Ulimi karibu wote hulishwa na ateri moja kila upande, tawi la ateri ya nje ya shingo. Neva zake hutoka shina la ubongo, na hakuna inayotoka ini ikafika pembeni mwa ulimi. Ncha na pembeni hunyauka mapema kwa sababu husuguliwa na meno na kusaga chakula. Sisi tuliosoma biolojia shuleni Afrika Mashariki tusiwe wepesi kucheka, maana tulichora ramani ya ladha, utamu kwenye ncha na uchungu nyuma, iliyotokana na makala ya Hänig ya 1901 na kukuzwa na Boring mwaka 1942. Nayo si kweli: maeneo yote yenye vionjo huonja ladha zote.

Daktari wetu aliitaja ramani mara moja, alipoandika tumbo, kisha akaagiza vipimo vya mwili mzima. Kilichomwongoza ni hali ya tishu.

Nani aliponya, na nini hakikufanyika

Bi K. husema dawa ya kuchemsha ndiyo iliyompooza mdomo. Sehemu ya nafuu ya mwanzo inaweza kuwa ya kinywaji kilaini, cha vuguvugu, kwa kinywa kilichochubuka. Lakini kupanda kwa chembe changa wiki ya kwanza na kurudi kwa ukubwa wa chembe ni saini ya B12, na mitishamba ile haina namna ya kuitia.

Kushuka kwa sukari ya miezi mitatu nako kusomwe kwa makini. Pasipo B12 chembe mpya hutengenezwa polepole, zilizopo huwa na umri mkubwa, nazo hukusanya sukari zaidi. Kipimo husoma juu kuliko hali halisi. Mtu angeweza kumwongezea dawa za kisukari, pengine hata insulini, kwa nambari iliyoinuliwa na upungufu wa vitamini.

Kwa miaka 12 ya metfomini B12 haikupimwa, na ganzi ilipokuja kisukari kilikuwa kimekaa tayari kama jibu. Kwa wahudumu wenzangu wa vituo ambako kipimo cha B12 hakipatikani au ni ghali, yafuatayo hayahitaji maabara kubwa. Mwambie mgonjwa wa metfomini atoe ulimi kwenye mwanga wa mlango. Mshikie kidole gumba cha mguu, mwambie afumbe macho aseme kimekwenda juu au chini. Soma ukubwa wa chembe kwenye karatasi ya picha ya damu ambayo tayari imelipiwa. Na kabla ya kuandika fefo kwa mwenye kisukari, muulize kuhusu miguu.

Yule daktari wa Guangzhou naye alibadili jambo katika kliniki yake. Wagonjwa wa Kiafrika wa Xiaobei wakifika, huanza kwa kutazama ufizi na ndani ya mashavu, na kwenye faili huandika vidoa vya melanini katika mstari wake, mbali na mstari wa damu iliyotuama. Aliniomba picha za ndimi za kwetu, zenye afya, za kuwafundishia wanafunzi wake. Zilizopigwa kwa mwanga mzuri na kwa ridhaa za wenyewe bado ni chache, na tunaendelea kuzikusanya.